Maswali Yenu: Kupamba Ukumbi wa Harusi Nyanda za Juu Kusini

Mavuno yakishaingia ndani, kamati za harusi huanza kukutana, na barua za mapambo huzidi barua za mambo mengine yote. Safari hii tumechagua zile zinazouliza yale ambayo wengi wanayauliza. Ombi letu kwa watakaotuandikia baadaye ni moja: shikeni futi kamba kwanza. Tuambieni urefu, upana na kimo cha ukumbi, na idadi ya wageni. Bila vipimo hivyo tutakuwa tunabahatisha, na anayelipia kubahatisha kwetu ni mwenye harusi.

Shikamooni wahariri. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi hapa Uyole, Mbeya. Ukumbi wetu una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, paa la bati bila dari. Wageni ni 200. Mpambaji anasema mita 15 za satini zinatosha kwa pazia la nyuma ya maharusi, lenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Wazazi nao wanataka meza za duara ukumbi mzima. Inawezekana?

Marahaba, katibu, na hongereni kwa shughuli. Yote mawili hayawezekani, na hesabu yake ni hii.

Satini nyingi za dukani zina upana wa mita 1.5. Kila kipande kinataka mita 3 za kimo, sentimita 15 za juu za kushonea njia ya kupitisha bomba, na sentimita 10 za pindo la chini. Jumla ni mita 3.25. Katika mita 15 mtapata vipande vinne, na vinne vikiunganishwa vinatoa mita 6 kamili. Maana yake pazia litasimama limenyooka kama shuka kwenye kamba ya kuanikia: hakuna rinda hata moja, kila kunyanzi linaonekana, na taa ikiwashwa ukuta wa nyuma unachungulia. Uzuri wa pazia la harusi uko kwenye marinda, na marinda yanakula kitambaa mara mbili ya upana wa fremu. Fremu ya mita 6 inataka mita 12 za upana. Gawanya kwa 1.5 upate vipande vinane, zidisha kwa 3.25, ni mita 26. Kwa shifoni au nyavu, kwa kuwa ni nyepesi na zinapitisha mwanga, wekeni mara mbili na nusu hadi mara tatu.

Bajeti ikibana, msipunguze marinda. Punguzeni upana wa fremu. Kiti cha maharusi pamoja na viti vya wapambe wawili vinachukua kama mita 3, kwa hiyo fremu ya mita 4 inawafunika vizuri. Hiyo inakula vipande sita, yaani mita 19.5. Mbavuni simamisheni matawi marefu ya mkaratusi au mianzi kwenye ndoo zilizojazwa kokoto, na hakuna atakayegundua kuwa pazia limefupishwa. Satini ipigwe pasi isiyo kali sana, kwa upande wa nyuma, kisha isafirishwe ikiwa imeviringishwa kwenye bomba. Ikikunjwa na kufungiwa kwenye boksi, mistari ya mikunjo itaonekana kwenye kila picha ya maharusi.

Kuhusu kenchi zilizo wazi, msijaribu kuzifunika zote. Funikeni mita 5 au 6 za mbele tu, juu ya jukwaa, kwa vipande vinavyoanzia katikati ya paa na kushuka kwenye kuta mbili. Pimeni umbali kwa kamba kisha ongezeni sehemu moja ya kumi ili kitambaa kilegee na kufanya tumbo zuri. Kifungwe kwenye mbao za kenchi. Kisifungwe kwenye waya wa umeme wala kwenye feni, hata kwa dakika chache za kujaribisha.

Sasa meza. Meza ya duara ya watu 8 ina kipenyo cha mita 1.5. Kati ya ukingo wa meza moja na nyingine inapaswa kubaki mita 1.5 nyingine, kwa sababu hapo watu wawili watakaa wakipeana migongo na mhudumu atataka kupita. Kwa hiyo kila meza inakula mraba wa mita 3 kwa 3. Katika urefu wa mita 20 toeni mita 3 za jukwaa, mita 4 za kuchezea na kupelekea zawadi, na mita 1 mlangoni. Zinabaki mita 12: safu nne za meza tatu tatu, watu 96. Na hapo meza ya katikati imekaa palepale maharusi wanapotakiwa kupita.

Viti kwa safu vinabeba watu wengi zaidi. Acheni njia ya katikati ya mita 1.6 na njia za pembeni za sentimita 70. Kiti cha plastiki chenye mikono kinachukua kama sentimita 55, hivyo kila upande wa njia vinakaa sita, safu nzima 12. Safu kwa safu ni sentimita 90, zinapatikana safu 13, watu 156. Wazazi wapeni heshima yao: safu ya kwanza iwekewe meza ndefu nyembamba mbele yake, yenye kitambaa kizuri na maua. Mtapoteza safu moja, watabaki 144. Hao 56 waliozidi wanahitaji hema kwenye mlango wa ubavuni, lenye spika yake, au mtafute ukumbi mkubwa zaidi. Chakula kigawiwe nje kwa namna yoyote ile. Tunawasihi msiibe nafasi kwenye njia ya katikati ili kuongeza viti. Ikishuka chini ya mita 1.2, gauni la bibi harusi litashikwa na kila mguu wa kiti, na mzee mwenye fimbo hatapita kabisa.

Mimi ni mpambaji. Maua nayafuata Tukuyu asubuhi ya siku ya harusi, napakia kwenye gari linalokwenda Mbeya na ndizi. Yakifika mchana yamelegea, hidranjia ndiyo mbaya kuliko zote. Nayachomeka kwenye sponji ya kupangia maua iliyolowa lakini jioni yameinama. Nakosea wapi?

Dada, tuanze na hizo ndizi. Ndizi na parachichi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoyaivisha matunda yenzake, na kwa maua gesi hiyo ni amri ya kuzeeka. Karnesheni hujifunga, waridi hudondosha petali. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70 tu, lakini chini ya turubai moja na mikungu inayoiva, hewa ikiwa ya joto, hiyo ni safari ndefu kwa ua. Tafuta gari lingine, hata bodaboda yenye ndoo mbili. Maua yasihifadhiwe pia karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa moshi una gesi hiyo hiyo.

Jambo la pili ni saa. Maua ya harusi hayakatwi asubuhi ya harusi. Yakatwe siku moja kabla, alfajiri au jioni jua likiwa limepoa, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Kisu butu husaga mirija ya shina na maji hayapandi. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa sababu yakioza yanazaa bakteria wanaoziba mirija hiyo. Kisha tumbukiza mashina kwenye ndoo safi yenye maji hadi theluthi moja ya urefu wake, uyaweke chumba chenye kivuli usiku kucha. Baridi ya kwetu hapa inafanya kazi ambayo wenzetu wa Dar es Salaam wanailipia friji. Kila lita ya maji iwekee kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na robo kijiko cha jiki. Sukari ni chakula, limau hurahisisha maji kupanda, jiki huua bakteria. Limau na jiki kila kimoja kiingie peke yake kwenye maji mengi. Vikikutana vikiwa vizito hutoa gesi inayochoma kifua.

Kila ua lina wakati wake wa kukatwa. Waridi likatwe petali za nje zikianza kulegea. Tumba gumu kabisa litainama shingo bila kufunguka. Gladiola inakatwa maua mawili au matatu ya chini yakionyesha rangi, mengine yatafunguka yenyewe yakiwa ndooni. Dalia ni kinyume: ukiikata haijafunguka, haitafunguka tena. Kala ikatwe koni yake ikiwa karibu kufunguka yote, na mwisho wa shina uzungushiwe selotepu, la sivyo litapasuka na kujikunja majini. Hidranjia hunywa hata kwa petali zake. Ikilegea, zamisha kichwa chote kwenye beseni la maji ya baridi kwa dakika 30 hadi 60, kata tena sentimita mbili za shina, na mara nyingi inarudi.

Halafu sponji. Tunashuku unaisukuma kwa mkono ili ilowe haraka. Ukiisukuma, nje inalowa na katikati inabaki hewa kavu, na shina likifika hapo halina cha kunywa. Iweke juu ya maji mengi uiache izame yenyewe, dakika moja au mbili. Tofali moja la kawaida la sponji hunywa karibu lita 2, kwa hiyo lipime kwa mkono: likiwa jepesi, halijashiba. Shina likichomekwa lisivutwe nyuma, maana linaacha shimo la hewa chini yake. Na sponji iliyotumika haitumiki mara ya pili. Ukiona gharama inazidi, viringisha waya wa kuku uwe bonge legevu, ulikaze ndani ya bakuli, ujaze maji. Maua yanakunywa vizuri zaidi humo kuliko kwenye sponji, na waya utautumia miaka.

Harusi yetu ni Januari, Mbeya mjini. Tumesikia maua ya Kitulo yanachanua wakati huo. Tunaweza kwenda kuchuma ya kupambia?

Hapana. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kuchuma ua lolote humo ni kosa. Okidi zake nyingi huota kwa kutegemea kuvu wa udongo wa palepale, na tayari zimeumizwa vya kutosha na wachimbaji wa viazi vya mizizi ya okidi hizo. Mnavyosema ni kweli, Bustani ya Mungu, kama Kitulo inavyoitwa, inachanua kati ya Desemba na Aprili, basi wapelekeni maharusi wakapige picha huko. Ya kupambia yapo kwenye bustani za watu Tukuyu na Uporoto, tena kwa wakulima wanaohitaji fedha hizo.

Sisi ni vijana wa kwaya Iringa mjini. Tao la maputo tulilifunga usiku, kesho yake saa saba mchana yakaanza kupasuka moja moja mbele ya wageni. Yalikuwa mapya.

Mliyajaza kupita kiasi. Hewa ikipata joto hutanuka: usiku Iringa ikiwa na nyuzi 12, na mchana chini ya bati ikafika 35, hewa iliyomo ndani ya puto inaongezeka kama asilimia 8. Puto lililokuwa limeshakaza halina pa kuiweka. Puto la inchi 12 lijazwe hadi inchi 10 tu. Chukueni kadibodi, kateni tundu la duara la sentimita 25, na kila puto lipite humo kabla ya kufungwa. Likiwa na umbo la yai limetosha. Likiwa na umbo la balbu, shingo imevimba, punguza. Mkijaza kwa pampu na kupima hivyo, maputo yatalingana, na tao lenye maputo yanayolingana halihitaji urembo mwingi.

Hesabu yake: mafungu ya manne manne, mafungu matano kwa kila mita, yaani maputo 20. Tao la mita 6 ni 120, na mnunue 12 ya akiba. Mafungu yasigusane na bati, ukuta wa tofali usiopigwa plasta, wala misumari, na jua lisiyapige moja kwa moja kwa kuwa huufanya mpira uchujuke na kuchakaa. Jambo jingine ambalo watu wa huku wanalisahau: puto lililojazwa Morogoro likapandishwa Kitonga linavimba njiani hata bila jua, kwa sababu mgandamizo wa hewa unapungua unavyopanda. Jazeni mahali mtakapofungia.

Makambako, harusi ya nje mwezi wa saba. Mnashauri nini kuhusu hema na pazia la nyuma?

Pazia la kitambaa kizito msilisimamishe nje Makambako. Fremu ya mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18 za tanga. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao hapo kwenu si wa ajabu, unalisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100, na mbele yake wamekaa maharusi na watoto wa maua. Tumieni kitu kinachopitisha upepo: fremu ya mianzi iliyofungwa matawi ya misindano na mikaratusi, au nyavu nyembamba zilizofungwa juu tu, chini zikiachwa huru. Kila mguu wa fremu ufungwe ndoo mbili za lita 20 zilizojaa mchanga, nazo zifunikwe kwa kitambaa.

Kamba za hema zishuke kwa nyuzi 45. Mambo za chuma, yaani vigingi vya kufungia kamba, zigongwe zikiwa zimelalia upande wa mbali na hema, theluthi mbili ziingie ardhini. Upande upepo unakotokea uzibwe kwa turubai hadi chini, kwa ajili ya wazee na wenye watoto wachanga, maana baridi ya Julai haina mzaha. Vitambaa vya viti visivalishwe usiku wa kuamkia shughuli. Umande utavilowesha, na satini iliyolowa inabaki na madoa ya maji hata ikikauka.

Taa zilizima katikati ya sendofu yetu Mafinga, umeme wa mtaani ukiwepo. Fundi anasema waya ulizidiwa. Tulikuwa na taa za mapambo tu, muziki, na birika kubwa la chai.

Ni hilo birika. Kamba ya umeme yenye plagi ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000. Taa zenu za nyuzi hata zikiwa kumi hazifiki wati 100, taa nane za rangi za LED ni kama 400, muziki 1,500. Birika linaongeza 2,000 au zaidi, mmekwisha pita. Vyombo vya kupasha moto vipewe soketi ya ukuta mwingine, na ikiwezekana saketi nyingine. Kamba ndefu ya kuviringisha ifunguliwe yote hata kama mnatumia mita tano, kwa sababu ikibaki imeviringishwa inapika na kuyeyusha plastiki yake yenyewe, tena mara nyingi ikiwa imefichwa chini ya kitambaa. Na mkiwa mnachagua rangi, kipande cha kitambaa kipelekwe ukumbini usiku taa zikiwaka. Zambarau na buluu chini ya balbu za njano zinafifia kabisa, na nyeupe inageuka krimu.

Mama mzazi, Iringa. Fedha za mapambo ni kidogo. Nataka meza za wageni zipendeze bila kununua vyombo vya kioo.

Mama, Iringa ina vikapu vya milulu ambavyo watu wanavifuata kutoka mbali. Chukua vile vidogo vya sentimita 15 hadi 20, ndani uweke kopo lenye maji, na kila kimoja kibebe kala tatu na majani mawili matatu. Kuanzia mezani, maua yasimame mara moja na nusu ya kimo cha kikapu. Kwa mezani, jumla isizidi sentimita 30 ili wageni waonane na kuzungumza. Ukipata vyungu vya Ikombe, vile vinavyouzwa Matema kando ya Ziwa Nyasa, vinapendeza hivyo hivyo, lakini havijapakwa rangi ya kung'aa ya kuzuia maji. Vinavuja jasho na kuacha duara la maji kwenye kitambaa, kwa hiyo navyo viwekewe kopo. Kitambaa cha meza ya mita 1.5 kisiburuze chini. Cha kipenyo cha mita 2.1 kinashuka sentimita 30 na kinakula mita 4.2 za jora. Cha kufika chini kinakula 6. Kwa meza 12 umeokoa zaidi ya mita 21. Baada ya shughuli, vikapu wape wageni wa mbali.

Naoka keki Mbeya mjini. Mteja anataka maua halisi juu ya keki, kala na yale meupe ya tarumbeta. Nimkubalie?

Usimkubalie. Utomvu wa kala unachoma na kuvimbisha mdomo na koo, na tarumbeta ina sumu inayovuruga akili na moyo, mbegu zake, majani na ua lenyewe. Olianda pia isikaribie chakula. Mpe waridi kutoka bustani isiyopigwa dawa. Waridi za kununua sokoni huwa zimepulizwa, na kuziosha hakuitoi dawa yote. Hata waridi safi shina lake lisichomwe moja kwa moja kwenye keki: lifunge kwa utepe wa maua, liingize kwenye mrija wa soda ulioziba chini, ndipo uchomeke. Maua yakae juu muda mfupi kabla ya maharusi kuingia, na mtu mmoja apewe kazi ya kuyaondoa yote, na mirija yake ikihesabiwa, kabla kisu hakijagusa keki.